Posa ya Kocha wa Kikorea

Mimi ndiye mjomba. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Nachingwea wanapenda kuisimulia habari hii kuanzia mwisho, wakarukia lawama, na hakuna anayejali kusema nani alikuwa na haki ya kuulizwa. Fauzia ni mtoto wa dada yangu Zena. Kwetu sisi Wamwera mtoto wa dada ana mwenyewe, na mwenyewe ni mjomba. Baba yake, Rashidy, yuko Mandawa, upande wa Ruangwa, na mke mwingine na ufuta wake. Simtukani. Nasema tu alikuja akaoa, kisha akaondoka. Aliyempeleka mtoto shule ni mimi, na kwenye daftari la shule, mahali pa mlezi, limeandikwa jina langu, Ismaily, na namba yangu ya simu.

Sasa huyu mtoto anateleza. Usicheke. Anavaa viatu vya matairi, matairi manne kila mguu, anakwenda kinyumenyume kwa kasi ya pikipiki, halafu anaruka, anazunguka hewani mara mbili, anatua kwa mguu mmoja na mikono kainyoosha kama anamkaribisha mgeni wa serikali. Mara ya kwanza kumwona nilipiga kelele, "Yarabi, mtoto kafa!" Kumbe mwenyewe anatabasamu.

Aliyemfundisha ni Mwalimu Alfred, Mkatoliki wa Mnero, anafundisha hesabu shule ya msingi hapa mjini. Huyo bwana hajawahi kushindana popote. Goti lake moja bovu, akitembea utadhani anahesabu hatua. Mchezo wote kaujua kwa kutazama video kwenye simu, anasimamisha picha, anachora miguu kwenye karatasi, anairudisha nyuma, anachora tena. Alikwenda kuomba sakafu kwenye ghala la korosho la chama cha msingi, kwa kuwa ndiyo saruji pekee laini tuliyo nayo, wakampa kwa sharti moja: korosho zikiingia, Fauzia anatoka. Basi kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kwanza ghala limejaa magunia mpaka darini, na mtoto anaruka kwenye baraza ya shule, hatua sita tu, halafu ukuta. Meno mawili ya mbele yana nyufa kwa ajili ya ukuta huo.

Mwaka huu, mwezi wa sita, ikaja habari. Chama cha mchezo huo kule Dar kinatafuta wasichana watatu wa kwenda kushindana Nairobi. Majaribio yanafanyika Dar, na ili uitwe kwenye majaribio ujaze fomu ya kwenye intaneti. Fomu inafungwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa kumi na mbili jioni. Umri, mwisho miaka kumi na saba. Fauzia anatimiza kumi na nane mwezi wa tisa. Maana yake ni mwaka huu au basi. Hilo alinieleza mwenyewe, taratibu, mara tatu, na mimi nililielewa mara ya kwanza. Wasikudanganye kwamba sikulielewa.

Fomu ilikuwa na mambo mawili makubwa. Kwanza, jina la kocha, mmoja tu. Pili, ridhaa ya mlezi, na hiyo haisainiwi kwa kalamu. Zinatumwa namba kwenye simu ya mlezi, anazisoma, zinaingizwa, fomu inakwenda. Simu ya mlezi ni simu yangu. Umeona sasa? Hata kompyuta ya Dar ilijua mjomba ni nani.

Kuhusu kocha, mimi ndiye niliyesema Alfred hatoshi. Nilisema kwa nia njema. Ruangwa kuna Mkorea, Mwalimu Han, mwanamke wa miaka arobaini hivi, amekuja kujitolea kufundisha kompyuta sekondari. Ujana wake wote aliteleza, tena si kwenye saruji, kwenye barafu, kwa viatu vya visu. Nikamwambia Zena, "Mtoto wetu afundishwe na mwalimu wa hesabu mwenye goti bovu, na kocha wa nje yuko Ruangwa hapo, mwendo wa saa moja? Tuna akili kweli?" Zena akasema Alfred ndiye kamfikisha hapo mtoto. Nikamwambia kufikisha ni kazi ya utingo, lakini safari ina dereva.

Fauzia akaenda Ruangwa Jumamosi mbili. Mkorea akamtazama, akamshika bega la kushoto, akalishusha kidogo tu, na kuanzia hapo akawa anatua bila kuyumba. Mji mzima ukajua. Kinyozi wangu akaniuliza kama tunahamia Korea. Nilitembea kifua mbele wiki nzima, sikatai.

Ndipo Mkorea akafanya kosa. Alitaka ruhusa ya kumfundisha mtoto rasmi, jambo zuri, lakini akauliza, "Baba yake yuko wapi?" Wakamwelekeza Mandawa. Akapanda pikipiki akaenda na vumbi lote lile mpaka kwa Rashidy! Rashidy naye, bila haya, akamkaribisha togwa, akamwambia ruhusa nimetoa, wakapiga picha. Picha akaiweka wasapu: "Mimi na kocha wa binti yangu." Binti yangu! Mtu ambaye hajui mtoto anavaa viatu namba ngapi!

Niliiona picha hiyo nikiwa shambani napuliza salfa kwenye mikorosho. Nikavua barakoa, nikakaa chini. Nikampigia Zena palepale nikamwambia hakuna kocha, hakuna Ruangwa, hakuna Nairobi mpaka mambo yafanywe kwa utaratibu. Akaniuliza utaratibu gani. Nikamwambia mtoto wa kike hachukuliwi nyumbani kienyeji. Anayemtaka ajipange, alete mshenga.

"Kaka," Zena akasema, "anataka kumfundisha kuruka, si kumuoa."

"Tofauti yake nini? Anamtoa mikononi mwa mtu, anamweka mikononi mwa mwingine, na jina linabadilika kwenye fomu."

Mshenga alikuja Jumapili iliyofuata, na unajua alikuwa nani? Alfred! Kocha anayeachwa ndiye kaja kumwombea kocha anayekuja. Nilidhani ananitania, kumbe walikuwa wameshazungumza wenyewe kwa wenyewe muda mrefu, wanatumiana video za mtoto, huyu anauliza bega, yule anajibu goti. Mpango wao ulikuwa rahisi. Fomu iandikwe Alfred, yeye ndiye wa kila siku. Han atakuja Nachingwea kila Jumatano. Hawakugombana hata kwa neno moja, jambo lililonikera sana.

Mwalimu Han, aliyekuja naye, alivaa dera, akavua viatu mlangoni, akasema shikamoo vizuri kabisa. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwenyekiti wetu. Nikamwuliza kwa nini mtu aliyezoea barafu ahangaike na saruji ya korosho. Akanisimulia kwao. Nilidhani Korea barafu iko kila mtaa, kumbe viwanja ni vichache, na saa nzuri wanapewa watu wa kulipia tiketi wajifurahishe. Wachezaji wenyewe wanaamka alfajiri kabla jogoo hajawika, au wanasubiri watu waishe. Mama yake alikuwa analala kwenye gari nje ya uwanja.

"Kama magunia," nikasema.

"Kama magunia," akakubali. "Nilikuwa na kocha nyumbani, mwanamke mzee, mkali. Nilipofika miaka kumi na sita watu wote wakasema, huyu hatoshi, mpeleke Kanada. Chama kikasema. Ndugu wakasema. Watu nisiowajua wakaandika kwenye intaneti. Nikaenda na mama. Baba akabaki peke yake akifanya kazi atutumie."

"Kanada ikoje?"

"Nzuri. Barafu nyingi. Kocha maarufu. Lakini alikuwa na wasichana wengine wawili wanaoshindana na mimi. Asubuhi ananifundisha kumshinda huyu, mchana anamfundisha huyu kunishinda mimi. Lugha yake nilikuwa sielewi vizuri, nikawa natikisa kichwa tu. Nikabadilisha kocha. Nyumbani wakagawanyika, nusu wakasema kosa langu, nusu wakasema kosa la kocha. Walipokuwa wanabishana, msimu ukaisha. Mimi sikuteleza."

"Kumbe na huko mna wajomba," nikasema, na nikacheka sana. Alfred hakucheka. Han alinitazama kwa adabu, akasema, "Tunao wengi, mzee."

Nilidhani ananisifu.

Basi tukaingia kwenye posa yenyewe. Nikawaambia kuna mkaja wa mama na kuna kilemba cha mjomba. Han akafungua begi. Zena akapewa doti mbili za kanga. Mimi nikapewa kofia ya sufu ya kwao, ya rangi ya chungwa, ina kishungi juu. Nikaivaa palepale. Joto lake usiniulize, lakini niliivaa.

Nikageuka kwa Alfred. "Na wewe, Mwalimu, ili huyu achukue, lazima wewe uache. Nataka nikusikie ukimwacha mtoto mbele ya watu."

Alfred akajikuna goti. "Mzee Ismaily, sisi Wakatoliki hatuna talaka. Mtoto ni wangu mpaka kufa."

Zena akaangua kicheko, Fauzia akajifunika uso kwa mtandio, hata Mkorea akaelewa. Ulikuwa utani, najua sasa kwamba ulikuwa utani. Wakati ule niliuchukua kama dharau ndani ya nyumba yangu. Nikasema hapana, hili halimalizwi sebuleni. Litamalizwa hadharani, ghalani, mbele ya baba wa Mandawa naye ashuhudie kwa macho yake nani anatoa ruhusa, halafu ndipo namba zitasomwa na fomu itakwenda.

"Lini, mjomba?" Fauzia akauliza. Ndilo neno pekee alilosema siku hiyo.

"Wewe nyamaza. Mwali hasemi kwenye posa yake."

Tukaangalia siku. Jumatatu mpaka Jumatano napuliza salfa. Alhamisi gulio. Ijumaa siku ya swala. Jumamosi Rashidy ana watu wa ufuta. Jumapili Alfred akitoka kanisani, basi, saa nane mchana. Fauzia akamgusa mama yake, Zena akasema, "Kaka, fomu inafungwa Ijumaa." Nikawaambia wasiwe na wasiwasi, wataongeza muda. Nimejiandikisha pembejeo miaka kumi. Wanatangaza mwisho tarehe fulani, tarehe inafika, wanaongeza. Vitambulisho waliongeza. Laini za simu waliongeza mpaka tukachoka. Nani katika nchi hii amewahi kuona mlango umefungwa siku waliyosema wataufunga?

Han akasema kwa sauti ya chini kwamba ni bora fomu itangulie, sherehe ifuate. Nikamwuliza kama kwao bibi harusi anatangulia kulala kwa mume, ndoa ifuate.

Ijumaa saa tisa nilikuwa shambani. Siku hiyo upepo ulikuwa umetulia nami nilikuwa na mashine mgongoni. Fauzia akaja mbio, jasho linamtiririka, simu ya mama yake mkononi. Fomu amejaza yote. Akaniamkia, akapiga magoti kwenye majani makavu.

"Mjomba, namba zimekuja kwenye simu yako sasa hivi. Nisomee tu. Ziko sita."

Nikatoa simu mfukoni. Kweli zilikuwepo, sita, zimekaa pale. Nikazitazama. Nitasema ukweli, kwa kuwa nimeshaanza: nilipenda kuzitazama. Maishani mwangu sijawahi kushika kitu kidogo kiasi kile ambacho mtu anakihitaji kiasi kile.

"Jumapili," nikasema.

"Mjomba, saa kumi na mbili wanafunga."

"Wataongeza."

"Na wasipoongeza?"

"Fauzia, unanifundisha mimi? Nikizisoma leo, Jumapili nitakuwa natoa nini? Baba yako atakuja kuangalia nini? Nenda nyumbani ukamsaidie mama yako kuchambua mchele."

Hakulia. Ningependa angelia, pengine ningesoma. Halafu akainuka, akapangusa magoti, akasema, "Haya, mjomba," akaondoka. Nikarudisha simu mfukoni nikawasha mashine.

Jioni Alfred akapiga. "Mzee, ile fomu vipi?" Nikamjibu, "Nimeshalimaliza hilo, wewe shughulika na wageni." Akashukuru sana, akasema Mungu akubariki. Nilikuwa na maana kwamba nimelimaliza kwa kulikataa, lakini sikumwambia.

Jumapili ghala lilipendeza. Sakafu imefagiliwa, mikeka imetandikwa pembeni, katikati pameachwa wazi ili mtoto aonyeshe mchezo. Zena na majirani walipika pilau, jogoo watatu walikwenda. Rashidy alikuja na shati jipya, nikamketisha nyuma. Mwalimu Han alikuja kutoka Ruangwa na wanafunzi wake wanne. Mimi nilivaa kanzu na ile kofia ya chungwa.

Nilizungumza vizuri. Nilieleza mjomba ni nani. Nilieleza Korea, barafu, Kanada. Nikamsimamisha Alfred, na safari hii, kwa kuwa anampenda mtoto, akasema neno nililolitaka: "Namkabidhi." Nikamsimamisha Han, akasema, "Nampokea, pamoja na Mwalimu Alfred." Hilo la mwisho halikuwemo kwenye makubaliano, nikaliacha lipite.

Kisha likabaki jambo moja, kwa sababu ndoa haifungwi bila ridhaa ya mwenyewe. Nikamgeukia Fauzia, amekaa katikati ya wanawake, viatu vya matairi viko mapajani. "Fauzia binti Zena, umemkubali kocha huyu?"

Akanyamaza, macho chini. Nikauliza mara ya pili, kimya. Mara ya tatu, kimya. Kila mtu anajua maana yake: mwali akinyamaza, amekubali. Shangazi mmoja akaanza, wanawake wote wakadakia, vigelegele vikapanda mpaka kwenye mabati. Nikainua simu juu wote waione, nikasema, "Na sasa namba!"

Vigelegele vilipopungua, Fauzia akasema, bila kupaza sauti, "Ilifungwa Ijumaa saa kumi na mbili, mjomba."

"Wataongeza," nikasema.

Han alikuwa ameshatoa simu yake. Akabonyeza, akasubiri, mtandao wa ghalani si mzuri. Akasoma, akamwonyesha Alfred. Alfred akanitazama mimi. Akavua miwani akaanza kuipangusa kwa shati, akaipangusa na kuipangusa.

"Jumatatu nitawapigia," nikasema. "Nitakwenda mwenyewe Dar. Kuna mtu namjua." Hata Rashidy kule nyuma alikuwa anatazama sakafu. Nikasema tena kwamba wataongeza, na nikaisikia sauti yangu, nikaona aibu. Aibu ya kweli, ya mtu mzima mbele ya mtoto. Nilitaka kuvua ile kofia na mikono ikanishinda.

Zena akasema chakula kipakuliwe, maana watu wametoka mbali. Fauzia akaweka viatu chini, akainuka, akaenda kwenye masufuria. Akarudi na sahani yangu kwanza. Juu ya pilau aliweka firigisi, zote tatu za wale jogoo, zile ambazo hapewi mtu isipokuwa mkubwa wa nyumba. Akapiga magoti mbele yangu, akaninawisha mikono, akaishika sahani kwa mikono miwili.

"Karibu, mjomba," akasema.

Ghala zima lilikuwa linanitazama. Nikapokea, nikala.